Cheti cha Kuvukia Mipaka

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwaka wa mwisho wa masomo katika Shule ya Kimataifa ya Geneva ulikuwa mwaka wa kutengana. Vijana waliocheza kwenye uwanja mmoja tangu utotoni, wakitaniana kwa Kifaransa na kupatana kwa Kiingereza, walipofikia mlango wa chuo kikuu kila mmoja alishika njia yake. Aliyetaka kusoma Paris alijiandaa kwa Baccalauréat ya Ufaransa. Aliyetaka Oxford au London alifanya mtihani wa GCE wa Uingereza. Mmarekani alikesha na maswali ya College Board, na mwenyeji wa Uswisi alikuwa na Maturité yake. Silabasi nne, maktaba nne ndani ya maktaba moja, na walimu waliolazimika kuigawa hata historia ya dunia kulingana na mtahini wa kila kundi.

Shule hiyo ilianzishwa mwaka 1924 ili watoto wa mataifa mbalimbali wasome pamoja. Suala la lugha ililipatia ufumbuzi mapema: Kifaransa na Kiingereza, basi. Suala la cheti liliisumbua kwa zaidi ya miaka 40. Katika kuhangaika nalo, walimu wachache wa Geneva walitunga mtihani ambao leo unafanywa katika maelfu ya shule, zikiwemo za Moshi, Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa.

Yote yalianza na wazazi waliohama. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Geneva ilikuwa makao ya Shirikisho la Mataifa na ya Shirika la Kazi Duniani. Maofisa walimiminika kutoka kila upande, na watoto wao wakaja nao. Shule za Geneva zilikuwa nzuri, lakini zilikuwa za Waswisi na zilifundisha kwa Kifaransa. Mzazi aliyepewa mkataba wa miaka mitatu alijiuliza mwanawe angerudi vipi kwenye shule za kwao mkataba ukiisha.

Miongoni mwa waliosukuma wazo la shule mpya alikuwemo Ludwik Rajchman, daktari wa Poland aliyeongoza idara ya afya ya Shirikisho, ambaye baadaye angekuwa mwenyekiti wa kwanza wa UNICEF. Alikuwemo pia Arthur Sweetser, Mmarekani wa idara ya habari, aliyelitumikia Shirikisho ambalo nchi yake ilikataa kujiunga nalo. Hao walijua mahitaji ya maofisa wenzao. Ualimu wenyewe uliletwa na Waswisi wawili, Adolphe Ferrière na Paul Meyhoffer. Ferrière alikuwa mmoja wa majina makubwa ya elimu mpya barani Ulaya. Aliamini kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda, kwa kuuliza na kwa kushirikiana na wenzake. Alikuwa na tatizo kubwa la kusikia, hivyo kazi ya kusimama mbele ya darasa haikuwa rahisi kwake. Mchango wake mkubwa ulikuwa mawazo na kalamu.

Wanafunzi wa kwanza walikuwa wanane tu, na darasa lao lilikuwa katika nyumba ya mbao ya familia ya Ferrière. Miaka mitano baadaye, mwaka 1929, shule ilikuwa imekua kiasi cha kuhamia kwenye eneo la La Grande Boissière, ambako ipo mpaka sasa. Kati ya watoto waliopita katika shule hiyo siku za mwanzo ni Indira Nehru, aliyepelekwa Geneva mwaka 1926 wakati mama yake, Kamala, alipokwenda Uswisi kutibiwa kifua kikuu. Miaka 40 baadaye, akijulikana kwa jina la Indira Gandhi, alikuwa waziri mkuu wa India.

Mwaka huo wa 1924 una kumbukumbu nyingine huku kwetu. Tume ya Phelps-Stokes, ikiwa na Dk. James Aggrey wa Gold Coast miongoni mwa wajumbe wake, ilizunguka Afrika Mashariki ikikagua elimu ya Waafrika. Tume ilipendekeza lugha za wenyeji zitumike katika madarasa ya chini, na lugha ya Ulaya ifuate juu. Mwaka 1925 mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam uliipa Kiswahili nafasi ya mbele katika shule za Tanganyika, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kusanifu lugha hiyo kwa msingi wa Kiunguja.

Tanganyika, na vilevile Ruanda-Urundi, zilikuwa nchi zilizokabidhiwa kwa Waingereza na Wabelgiji chini ya uangalizi wa Shirikisho la Mataifa. Ripoti zao za kila mwaka, pamoja na habari za shule, zilisomwa Geneva. Kwa hiyo jiji moja lilikuwa na watoto wa maofisa wanaofundishwa lugha mbili kubwa kwa pamoja ili waweze kwenda popote, na makabati yenye taarifa za watoto wa Tabora na Gitega ambao lugha ya pili kwao ilikuwa ngazi ya kupandwa na wachache. Lugha mbili kwa hawa na lugha mbili kwa wale hazikuwa na uzito mmoja, kwa kuwa mwisho wa ngazi kulikuwa na vyeti visivyolingana.

Mtu aliyeipa shule ya Geneva sura yake ni Marie-Thérèse Maurette. Alikuwa Mfaransa, mume wake Fernand akifanya kazi Shirika la Kazi Duniani. Alishika uongozi mwaka 1929 na kuung'ang'ania kwa miaka 20, kupita mdororo wa uchumi, kuporomoka kwa Shirikisho na vita vilivyowaondoa wanafunzi na wafadhili. Baba yake, Paul Dupuy, aliyewahi kuwa mtendaji wa École normale supérieure ya Paris na mmoja wa waliomtetea Kapteni Dreyfus, afisa wa Ufaransa aliyesingiziwa usaliti, alikwenda Geneva uzeeni akafundisha jiografia.

Jiografia hiyo haikufuata mazoea. Shule nyingi za wakati huo zilianza na kijiji, kisha mkoa, kisha taifa, na dunia ikaja mwisho muda ukiruhusu. Geneva ilianza na tufe zima: bahari, mabara, pepo, watu na mazao yao. Historia nayo ilicheleweshwa hadi mtoto alipokaribia ujana, ikafundishwa kama habari za binadamu wote sambamba, China na Roma zikitazamwa karne kwa karne. Mwaka 1948, UNESCO ilipotaka kujua shule inaweza kufanya nini kwa ajili ya amani, Maurette aliandika mbinu hizo katika kijitabu. Kuhusu lugha alikuwa na msimamo usioyumba: shule ya kimataifa iwe na lugha mbili za kazi, na kila mtoto azitumie zote mbili. Kuisoma ya pili kama somo la saa tatu kwa wiki hakukumtosha.

Tatizo ni kwamba historia ya sambamba haikuwa na mtahini. Mtoto angeweza kufika umri wa miaka 15 akijua Wachina walifanya nini wakati wa Karolo Mkuu, kisha akaambiwa aweke hayo kando na kukariri wafalme wa nchi moja.

Hapa inafaa kukumbuka vyeti hivyo vilikuwa vya aina gani. Baccalauréat iliasisiwa enzi za Napoléon, mwaka 1808, na kwa sheria ya Ufaransa ni hatua ya kwanza ya chuo kikuu: mwenye nayo ana haki ya kuingia. Ilidai masomo mengi, falsafa ikiwemo. GCE ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1951, ilikwenda kinyume. Kijana wa ngazi ya juu alibaki na masomo matatu hivi, akayachimba mpaka chini. Marekani haikuwa na mtihani wa taifa kabisa. Kila shule ilitoa cheti chake, na vyuo vikapima waombaji kwa majaribio ya nje. Hakuna mwalimu ambaye angeweza kuyatimiza yote hayo kwa ratiba moja, ndiyo maana upande wa Kiingereza na upande wa Kifaransa wa shule ya Geneva ulizidi kuachana baada ya vita, kila mmoja ukiishi kwa kalenda ya watahini wake.

Sehemu nyingine za Ulaya zilipambana na jambo hilohilo kwa njia tofauti. Huko Saint-Germain-en-Laye, karibu na Paris, shule ilianzishwa mwaka 1952 kwa ajili ya watoto wa wanajeshi wa makao makuu ya NATO. Baadaye ikawa shule ya kimataifa ya serikali, yenye sehemu za mataifa mbalimbali chini ya mtaala wa Ufaransa. Luxembourg, mwaka 1953, maofisa wa Jumuiya ya Makaa ya Mawe na Chuma walianzisha Shule ya Ulaya, na kwa kuwa nyuma yao kulikuwa na serikali sita, wakaweza kutunga mtihani wao, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Mwaka 1954 Jeannine Manuel, aliyekuwa upande wa Wafaransa Huru wakati wa vita, alifungua Paris shule binafsi ya lugha mbili, École Active Bilingue, ambayo sasa ina jina lake. Berlin Magharibi nako, mwaka 1960, ilizaliwa shule ya Wajerumani na Wamarekani iliyopewa jina la John F. Kennedy baada ya kuuawa kwake. Hiyo ni ya umma, haina ada, na mwanafunzi wake anaweza kutoka na Abitur ya Ujerumani pamoja na diploma ya sekondari ya Marekani.

Njia ya Berlin ndiyo watu wengi wanayoiita leo diploma mbili: mtoto mmoja, vyeti viwili, kila kimoja kikitambuliwa na serikali yake. Inawezekana pale panapokuwa na nchi mbili zinazojulikana na zilizokubaliana. Ufaransa na Ujerumani zilifanya hivyo mwaka 1994 kwa mpango wa Abibac, ambapo kijana hufanya mtihani mmoja uliopangwa kwa pamoja na kupata Abitur na Baccalauréat. Geneva haikuwa na anasa hiyo. Wanafunzi wake walitoka nchi nyingi, na shule haikuwa ya serikali yoyote.

Aliyeanza kulikata fundo ni mwalimu wa historia, Robert Leach, Mmarekani wa madhehebu ya Quaker. Mwaka 1962, kwa msaada mdogo wa UNESCO, aliwaita Geneva walimu wa maarifa ya jamii kutoka shule za kimataifa. Mkutano ulikuwa mdogo, lakini pendekezo lililotoka humo lilikuwa kubwa: shule hizo ziwe na mtihani wao wa pamoja, kuanzia na historia ya dunia ya sasa. Mkuu wa upande wa Kiingereza, Desmond Cole-Baker, alilibeba pendekezo hilo. Fedha zikatafutwa Marekani, kwanza kwa mfuko wa Twentieth Century, kisha kwa Ford Foundation, na chombo cha kutunga mitihani kikaundwa.

Ujio wa Alec Peterson ulibadilisha mradi wa walimu kuwa taasisi. Peterson aliongoza idara ya elimu ya Chuo Kikuu cha Oxford na kwa miaka mingi alikuwa akilalamika kwamba shule za Uingereza zinawafungia vijana ndani ya masomo matatu wakiwa na miaka 16. Mshirika wake wa karibu, Gérard Renaud, alikuwa mwalimu wa falsafa wa Geneva aliyelelewa katika utaratibu wa Kifaransa. Mmoja aliona Waingereza wanafundisha kidogo mno, mwingine alijua Wafaransa wanavyojaza kichwa mpaka kinamwagika.

Mapatano yalifikiwa mwaka 1967 kwenye mkutano wa Sèvres, karibu na Paris. Masomo yangekuwa sita: matatu ya kina na matatu ya wastani. Miongoni mwake, lugha ya mwanafunzi na fasihi yake ingekuwa lazima, lugha ya pili lazima, hesabu lazima, sayansi lazima, na somo moja la jamii. Falsafa ya Wafaransa ikageuzwa kuwa somo la nadharia ya maarifa, linalomuuliza kijana anajuaje anachosema anakijua. Kutoka bara la Ulaya ulichukuliwa mtihani wa mdomo, kutoka Uingereza insha ndefu, na kutoka Marekani maswali ya kuchagua jibu. Kila somo lilitolewa alama kuanzia 1 mpaka 7.

Baada ya mitihani ya majaribio, shirika lilisajiliwa Geneva mwaka 1968 kwa jina la International Baccalaureate, ambalo karibu kila mtu hulifupisha kuwa IB. Mitihani rasmi ilianza mwaka 1970, kwa Kiingereza na Kifaransa. Miongoni mwa shule za mwanzo zilikuwemo International College ya Beirut, Iranzamin ya Tehran, shule ya Umoja wa Mataifa ya New York, na Atlantic College ya Wales, ambayo mwaka 1971 iliachana kabisa na mtihani wa Uingereza na kubaki na IB peke yake. Kazi ngumu ilikuwa kwenda nchi baada ya nchi, chuo baada ya chuo, kuomba cheti kisicho na taifa kikubaliwe. Mwaka 1976 wawakilishi wa serikali walikutana The Hague kuamua kama jaribio liendelee, na likaendelea.

Wakati Geneva ikitafuta cheti kisicho cha nchi yoyote, Afrika Mashariki ilikuwa ikitafuta cheti kilicho chake. Kwa miongo mingi vijana wa shule kama Tabora na Alliance walikuwa wakipimwa kwa mitihani ya Cambridge. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967. Tanzania ilijitoa mwaka 1971 na mwaka 1973 ikaunda baraza lake, NECTA, na Kenya ikapata lake, KNEC, mwaka 1980. Kwa nchi zilizotoka kwenye ukoloni, mtihani wa taifa ulikuwa sehemu ya uhuru wenyewe: nani aamue kijana wa Songea au Kisumu ajue nini.

Ndiyo maana shule za kimataifa zilizoota hapa zilikuwa na nafasi ya pembeni, zikihudumia kwanza watu wa kupita. International School of Tanganyika ilianza Dar es Salaam mwaka 1963. International School Moshi ilianzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya watoto wa madaktari na wafanyakazi wa kigeni wa hospitali ya KCMC, ikawa miongoni mwa shule za mwanzo barani Afrika kufundisha IB, ikafungua tawi Arusha, na mwaka 2019 ikajiunga na mtandao wa United World Colleges, uleule uliozaliwa kutokana na Atlantic College. Katika shule hizo Kiswahili kilikuwepo, lakini mara nyingi kama somo la mgeni anayetaka kusalimia sokoni.

Mombasa ilijaribu jambo tofauti. Aga Khan Academy, iliyofunguliwa Kizingo mwaka 2003, iliweka katika shule yake ya chini mpango wa lugha mbili ambamo Kiswahili kinatumika kufundishia sambamba na Kiingereza, ndani ya mtaala wa IB. Kwa mji ambamo Kiswahili kimeandikwa na kutungiwa mashairi muda mrefu kabla ya shule ya kwanza ya Mwingereza, hilo halikuwa zawadi. Lakini katika historia ya shule binafsi za kimataifa ni badiliko: mpaka hapo lugha mbili zilimaanisha mara nyingi lugha mbili za Ulaya.

Kanuni za IB zenyewe zinaruhusu Kiswahili kiwe moja ya lugha hizo mbili. Shirika hilo hutoa diploma ya lugha mbili kwa mwanafunzi anayefaulu fasihi katika lugha mbili, au anayesoma fasihi kwa lugha moja na historia au sayansi kwa nyingine. Fasihi ya Kiswahili imo kwenye orodha, na mwanafunzi ambaye shule yake haina mwalimu wa lugha ya mama anaweza kuisoma kwa kujitegemea chini ya usimamizi wa shule. Kijana wa Tanga aliyeko Geneva, au wa Lamu aliyeko Toronto, anaweza kujibu mtihani wa riwaya za Kiswahili na wa fasihi ya Kiingereza katika msimu mmoja, na vyote viwili vikaandikwa kwenye diploma moja.

Kwa wazazi, hata hivyo, makaratasi mawili yameendelea kuvutia kuliko moja. Shule nyingi binafsi za lugha mbili katika Amerika ya Kusini, Mashariki ya Kati na Asia huuza hasa hilo: cheti cha taifa pamoja na diploma ya Marekani, au cheti cha taifa pamoja na IB. Sababu ni za kawaida kabisa. Baadhi ya nchi haziruhusu raia wao kuacha mtihani wa taifa, baadhi ya vyuo hudai cheti cha nyumbani, na mzazi anayelipa ada kubwa hataki mlango hata mmoja ubaki umefungwa. Gharama humwangukia mwanafunzi, anayefundishwa jambo moja mara mbili kwa mitindo miwili ya kujibu, na humwangukia mpanga ratiba. Shule ya Geneva nayo, mama wa IB, iliendelea kuwaandaa baadhi ya vijana wake kwa Maturité ya Uswisi.

IB sasa imo katika shule zaidi ya 5,000 kwenye nchi zaidi ya 150, nyingi kati yake zikiwa za umma, na wengi wanaoufanya mtihani huo hawajawahi kuhama nchi. Hata hivyo haijaondoa walinzi wa milango. Kijana anayemaliza Moshi na IB yake anaweza kuiwasilisha moja kwa moja kwa chuo cha Kanada au Uholanzi. Akitaka kusoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, safari ya siku moja tu kwa basi kutoka alikosomea, atapeleka kwanza matokeo yake NECTA yakalinganishwe na ya kidato cha sita, asubiri namba ya ulinganifu, ndipo ajaze fomu ya udahili.